Kiangazi cha Kukaa na Wazee

Katika miaka ya 1880, mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Ignatz Leo Nascher alikuwa akizungushwa na mwalimu wake katika nyumba ya kutunzia maskini huko New York. Bibi kizee mmoja akajikokota hadi waliposimama, akaanza kueleza maumivu yake. Mwalimu akampita. Nascher akauliza bibi yule anaumwa nini, akajibiwa kwamba anaumwa uzee. Akauliza tena: basi anafanyiwa nini? Akaambiwa hakuna cha kumfanyia.

Madaktari wa wazee wamekisimulia kisa hiki mara nyingi, na mimi nakirudia kwa sababu jibu lile bado linatembea. Bibi yangu mzaa mama alipopelekwa zahanati na goti lililovimba kama embe dodo, hakuna aliyeligusa. "Ni uzee tu, bibi," akaambiwa, akarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu vilivyofungwa kwenye karatasi. Aliyemwambia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na upole, hata alimshika mkono kumsindikiza mlangoni. Hakuwa amefundishwa kuutazama uzee na ugonjwa kama vitu viwili.

Nascher hakulisahau jibu la mwalimu wake. Mwaka 1909, akiwa daktari, aliunda kwa mizizi ya Kigiriki neno jeriatriki, yaani tiba ya wazee, akilipanga kando ya pediatriki, tiba ya watoto. Mtoto ana magonjwa yake na daktari wake. Kwa nini mzee asiwe navyo? Mwaka 1914 akatoa kitabu kizima juu ya magonjwa ya uzeeni. Vyuo vingi vya udaktari viliendelea na shughuli zake kama kwamba hakuna kilichosemwa.

Huko Uingereza, daktari Marjory Warren alikabidhiwa mwaka 1935 wodi za hospitali ya West Middlesex zilizorithiwa kutoka nyumba ya maskini. Alikuta wagonjwa 714, wengi wao wakiwa vitandani muda mrefu bila mtu kuuliza wanaumwa nini. Akawapima mmoja mmoja, akawapanga kwa magonjwa yao, akaagiza kuta zipakwe rangi ya kung'aa na taa ziongezwe, akawatoa vitandani wafanye mazoezi. Baadhi yao walisimama, wakatembea, wakarudi kwao.

Marekani ilihitaji mtu wa namna hiyo, ikampata katika Robert Butler. Alizaliwa mwaka 1927, akalelewa na babu na bibi yake kwenye shamba la kuku huko Vineland, New Jersey. Babu alifariki Robert akiwa na miaka 7. Bibi akabaki na mjukuu katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, akapoteza mali, akaanza upya. Mtoto aliyelelewa na mikono hiyo alipoingia chuo cha udaktari akakuta walimu wakiwapachika wagonjwa wazee majina ya dharau. Mwaka 1969 aliipa dharau hiyo jina lake, ubaguzi wa umri, kwa neno la Kiingereza alilolibuni mwenyewe. Bunge la Marekani lilipoanzisha Taasisi ya Taifa ya Uzee mwaka 1974, Butler ndiye aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka 1982 akaanzisha katika chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York, idara kamili ya tiba ya wazee, ya kwanza katika chuo cha udaktari nchini humo.

Mwaka mmoja kabla, Irving Wright, daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa matumizi ya dawa za kuzuia damu isigande, alikuwa ameanzisha Shirikisho la Marekani la Utafiti wa Uzee. Alizaliwa 1901. Maana yake aliianza kazi hiyo akiwa na umri wa takriban miaka 80, na sioni haja ya kuongeza neno hapo.

Fedha za utafiti zilianza kupatikana. Vijana ndio waliokosekana. Anayesomea udaktari Marekani humaliza kwanza shahada nyingine, kisha huingia miaka minne ya udaktari, na likizo ndefu anayoipata ni kiangazi cha kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Kufikia hapo, mara nyingi mzee wa kwanza aliyekutana naye masomoni ni yule aliyelala kwenye meza ya kupasulia maiti, kwani wengi wanaojitolea miili yao kwa masomo ni wazee. Kijana huyo hajawahi kumsikia mzee akicheka wala kumwona akibishana na daktari wake.

Ndiyo maana mpango ulioanzishwa mwaka 1994 na shirikisho lile, kwa fedha za Wakfu wa John A. Hartford, ulilenga kiangazi hicho hicho. Mwanafunzi alipewa posho na msimamizi mzoefu, akafanya utafiti wake mdogo kwa wiki 8 hadi 12 huku akihudhuria kliniki za wazee. Baadaye Taasisi ya Taifa ya Uzee ikaingia na fedha zake, vyuo kama Johns Hopkins na Mount Sinai vikawa vituo vya mafunzo, na wanafunzi wakawa wanapeleka matokeo yao kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha madaktari wa wazee.

Mwanafunzi wa wiki 8 anaweza kujifunza nini? Chukua kipimo kilichochapishwa mwaka 1991 na watafiti wawili wa Montreal. Vifaa vyake ni kiti chenye mikono, saa ya kuhesabu sekunde na mita 3 za sakafu. Mzee ameketi, mgongo umeegemea. Akiambiwa aende, ananyanyuka, anatembea mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, anageuka, anarudi, anaketi. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka. Lakini anayepima kwa makini hujifunza zaidi ya sekunde. Huona viganja vinavyosukuma mikono ya kiti kwa sababu mapaja hayana nguvu tena. Huona mzee anavyogeuka kwa vihatua vingi, kama anayezunguka juu ya ubao mwembamba. Huona jicho linalotafuta ukuta wa kushika. Akishaviona vitu hivyo kwa wazee hamsini, atawezaje kusema ni uzee tu?

Na matunda ya kutazama hivyo yanahesabika. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi, waliolazwa katika hospitali ya Yale. Kundi moja lilipata huduma za kawaida. Kundi jingine liliongezewa mambo ambayo mjukuu yeyote angeweza kuyafanya: kuvalishwa miwani, kukumbushwa siku na mahali, kupewa maji, kuinuliwa watembee, kusuguliwa mgongo na kunyweshwa kitu cha moto usiku badala ya kidonge cha usingizi. Waliochanganyikiwa ghafla akili katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 15. Katika kundi la pili, asilimia 9.9.

Hata hivyo safari ni ndefu. Marekani ina zaidi ya watu milioni 50 wenye miaka 65 na kuendelea, na madaktari bingwa wa wazee wanaokadiriwa kuwa 7,000 hivi.

Kazi ya namna hii imefika kwetu pia. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walizunguka vijijini wakiwapima wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba takriban 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Vipimo vya Ulaya humpa mzee kalamu achore, na aliyekosa shule utotoni angeandikwa kwamba akili imemtoka, kumbe kalamu ndiyo ngeni mkononi. Wakatengeneza kipimo chao. Mzee anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji chake ni nani. Anataja majina ya wanyama kwa dakika moja. Kisha anawekewa njiti nne za kiberiti zilizopangwa kwa mtindo fulani, anapewa nyingine nne, na anayempima anatulia kumngoja azipange vivyo hivyo.