Nuremberg: muji wa wafalme, muji wa sheria za chuki, muji wa kesi kubwa

Hapa mashariki ya Congo, jina la Nuremberg linasikika sana wakati watu wanaomba tribinali ya kuhukumu wenye waliua raia. Wengi wanalijua kama jina la kesi tu. Lakini Nuremberg ni muji, na historia yake inakaribia miaka 1000. Katika historia hiyo kuko mauaji yenye hakuna mukubwa aliyajibia, na mauaji yenye wakubwa waliyajibia.

Barua ya uhuru

Nuremberg (Wajerumani wanaandika Nürnberg) iko kusini ya Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, kwenye muto Pegnitz. Jina lake linaonekana mara ya kwanza katika barua ya mwaka 1050. Kwa barua ile, mutawala Heinrich III alimupatia uhuru mwanamuke mumoja, jina lake Sigena, mwenye alikuwa chini ya bwana wake.

Mwaka 1219, Friedrich II aliupatia muji haki kubwa: wakaaji wake walikuwa chini ya mutawala mukuu peke yake, hakuna bwana mwingine wa kuwaamuru. Mwaka 1356, sheria yenye inaitwa Bula ya Zahabu iliagiza kila mufalme mupya afanye mukutano wake wa kwanza Nuremberg. Kuanzia 1424, taji na vitu vingine vya ufalme vilichungwa pale.

Muji ulijulikana tena kwa kazi ya mikono. Mchoraji Albrecht Dürer alizaliwa pale mwaka 1471. Mwaka 1492, Martin Behaim alisimamia kazi ya kutengeneza tufe la dunia, ndilo la zamani zaidi kati ya yenye yangali hata leo. Afrika iko juu yake, Amerika haiko. Mwaka 1543, kitabu cha Copernicus chenye kinafundisha kama dunia inazunguka jua kilichapishwa katika muji huo. Na tarehe 7 Desemba 1835, treni ya kwanza ya abiria yenye kuvutwa na mashini ya mvuke katika Ujerumani ilitoka Nuremberg kwenda Fürth, safari ya kilometre 6 hivi.

Mauaji bila kesi

Lakini soko kubwa la muji huo linabeba kumbukumbu ingine. Zamani pale ndipo Wayahudi walikuwa wanaishi. Mwaka 1349, mutawala Karl IV alitoa ruhusa ya kubomoa nyumba zao ili muji upate soko. Tarehe 5 Desemba, wakaaji waliwashambulia majirani wao. Wayahudi 562 waliuawa. Pahali pa sinagogi yao palijengwa kanisa la Bibi Maria, lenye linasimama pale mupaka leo. Mutawala alikuwa amekwisha kuulinda muji ili usihukumiwe. Wayahudi wenye walirudia kuishi pale kisha, walifukuzwa mwaka 1499.

Wakati wa Hitler

Kuanzia 1933 mupaka 1938, chama cha Wanazi kilikuwa kinafanya mukutano wake mukubwa kila mwaka Nuremberg. Hitler aliuchagua juu ya sifa yake ya zamani: muji wa wafalme. Tarehe 15 Septemba 1935, sheria zenye zinaitwa Sheria za Nuremberg zilitangazwa pale. Ziliwanyanganya Wayahudi uraia wao, na zilikataza ndoa kati yao na Wajerumani wengine. Kwanza watu waliondolewa katika karatasi, kisha waliondolewa katika nyumba zao. Mwisho wa Novemba 1941, treni ya kwanza yenye kubeba Wayahudi wa Nuremberg iliwapeleka Riga, na wengi wao hawakurudia.

Vita ilirudia juu ya muji wenyewe. Usiku wa tarehe 2 Januari 1945, ndege za Uingereza zilitupa mabomu. Watu zaidi ya 1800 walikufa, na sehemu ya zamani ya muji karibu yote ilibomoka.

Chumba namba 600

Kisha vita, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi waliamua kuhukumu wakubwa wa Wanazi kuliko kuwaua bila kesi. Walichagua Nuremberg kwanza kwa sababu jumba lake la sheria lilikuwa lingali linasimama, na gereza ilikuwa pembeni yake.

Kesi ilianza tarehe 20 Novemba 1945. Watafsiri walifanya kazi kwa luga 4, watu wakisikiliza kwa ekuta. Tarehe 1 Oktoba 1946, hukumu ilitangazwa: 12 kifo, 7 gereza, 3 waliachiliwa. Kati ya wenye walinyongwa ni Julius Streicher. Hakuhukumiwa juu ya kuongoza waaskari, lakini juu ya gazeti lake, *Der Stürmer*, lenye lilichapishwa Nuremberg na kuchochea watu waue Wayahudi. Hans Fritzsche, mwenye alikuwa anasema kwenye redio, aliachiliwa: mahakama haikuona ushahidi wa kutosha kama alitaka mauaji.

Kuko wenye walisema ilikuwa haki ya washindi, maana mabomu ya washindi hayakuhukumiwa. Lakini kesi iliacha kanuni mbili: kuwa mukubwa wa serikali hakumukingi mutu, na kusema "niliamuriwa" hakuondoe kosa.

Kanuni hizo zinatumika leo kwenye CPI, korti ya kimataifa ya La Haye. Mutu wa kwanza mwenye korti hiyo ilihukumu ni Thomas Lubanga, mwaka 2012, juu ya kuingiza watoto katika vita ya Ituri. Mwaka 2019, Bosco Ntaganda alipata miaka 30.

Nuremberg ya leo

Leo muji una wakaaji zaidi ya nusu milioni. Sehemu ya zamani ilijengwa upya, lakini viwanja vya mikutano ya Hitler havikufichwa: kuko nyumba ya makumbusho pale. Chumba namba 600 nacho kinatembelewa. Tangu 1993, katika barabara moja kunasimama nguzo zenye kuandikwa haki za binadamu, kila moja kwa Kijerumani na luga ingine. Watu wanazipita kila siku wakienda kwa mambo yao.