Vazi, Kamera na Uanaume: Usawiri wa Mwili wa Mwanamume katika Picha za Mitindo Jijini Nairobi

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, vazi huchukuliwa mara nyingi kuwa pambo tu la mhusika. Makala haya yanalitazama kama matini. Yanachunguza mseto wa jinsia katika mavazi ya wanaume, yaani mtindo unaokusanya katika mwili mmoja alama ambazo jamii imewagawia wanaume na wanawake. Dai linalojadiliwa ni lile linalozuka kila picha za namna hii zinapoonekana: kwamba mtindo huo ni ugeni ulioletwa na kamera. Historia hailiungi mkono dai hilo.

2. Mwili kabla ya suti

Miongoni mwa Wamaasai, morani ndiye afugaye nywele ndefu, akazisuka na kuzipaka ngeu, ilhali mwanamke hunyoa kichwa. Masikio ya wanaume wa Kimaasai na wa Kigikuyu yalitogwa na kupanuliwa ili yabebe mapambo. Elimu ya misheni na utawala wa kikoloni ndivyo vilivyoyapa mambo haya jina la ushenzi, vikaifanya suti kuwa sare ya mwanamume mstaarabu.

Mwaka 1938, katika picha ya kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichochapishwa London, Jomo Kenyatta alionekana akiwa na joho la ngozi na mkuki. Pozi lilipangwa na vazi likachaguliwa kwa ajili ya msomaji. Picha hiyo haina mseto wa jinsia. Umuhimu wake ni kwamba inadhihirisha kuwa hata uanaume unaodaiwa kuwa wa asili huhitaji kuigizwa mbele ya kamera.

3. Hereni Bungeni

Mwaka 2011, Gidion Mbuvi, aliyekuwa mbunge wa Makadara, alitolewa katika ukumbi wa Bunge kwa kuvaa hereni na miwani ya jua. Kinaya cha tukio hili ni dhahiri: pambo la sikio, lenye umri mkubwa kuliko Bunge lenyewe, lilihukumiwa kwa kaida zenye asili ya Uingereza. Aidha, hereni hiyo haikueleza lolote kuhusu mapenzi ya mvaaji. Kulisoma vazi kama ungamo ni kosa la kihakiki, sawa na kumchukua msimulizi kuwa ndiye mwandishi.

4. Kamera ya karne hii

Velma Rossa na Oliver Asike, dada na kaka wajulikanao kama 2ManySiblings, walijipatia sifa kwa picha za mitindo iliyojengwa kwa mitumba. Nguo ya mtumba huja bila maelekezo ya mwenyewe wa kwanza. Maana yake hutungwa upya na anayeivaa. Kundi la Nest la Nairobi nalo lilitoa mwaka 2017 kitabu kuhusu wabunifu wa mavazi wa Kenya, Not African Enough, ambacho jina lake linaikejeli shutuma ileile ya ugeni. Miaka mitatu kabla yake, filamu ya kundi hilo, Stories of Our Lives, ilikuwa imepigwa marufuku nchini.

Hata hivyo, picha ina fremu inayomlinda aliyemo, barabara haina. Novemba 2014, wanawake waliandamana katikati ya jiji baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani katika kituo cha matatu kwa madai kwamba hakuvaa kwa heshima. Umati uliojipa mamlaka ya kusahihisha vazi la mwanamke hauwezi kutarajiwa kumstahi mwanamume aliyevaa sketi.

5. Hitimisho

Imebainika kwamba kilicho kigeni katika mjadala huu si nywele ndefu wala hereni, bali ukali wa mpaka unaozikataza. Mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyeuchora mpaka huo, na ni nani anayelipa gharama ya kuuvuka. Studio imelijibu swali la kwanza kwa ujasiri. La pili lingali likijibiwa vituoni na vichochoroni, na huko wanaojibu ni wavaaji wenyewe.