Laptopu za Eastlands na historia ya skrini nyeusi

Fundi wa Buruburu au Umoja, mitaa ya Eastlands, Nairobi, akiletewa laptopu ya Linux iliyolala ikakataa kuamka, hana haja ya kushika bisibisi kwanza. Anabonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mashine i hai, kilichokufa ni picha tu. Kisha anauliza swali ambalo mteja haoni linahusu nini: hii mashine ni ya mwaka gani?

Kompyuta inapolala, RAM huachiwa umeme kidogo na karibu kila kitu kingine huzimwa, kadi ya grafiki ikiwemo. Ukiiwasha upya, BIOS ndiyo huitayarisha kadi hiyo. Ikitoka usingizini, mara nyingi BIOS haijishughulishi nayo. Kadi imesahau kila kitu, na draiva ndiyo inayopaswa kuirudishia akili. ACPI, kanuni zinazotawala usingizi huu, zilitolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Watengenezaji wengi walizijaribu kwa Windows, wakaridhika.

Upande wa Linux, miaka hiyo draiva ya picha ilikaa nje ya keneli, kiini cha Linux, ndani ya mfumo wa madirisha wa X. Keneli iliamka bila habari za kadi. Matthew Garrett aliandika vbetool, programu ya kuilazimisha BIOS ya kadi ianze kazi upya. Laptopu nyingine zilitii, nyingine ziliganda kabisa. Mwaka 2006 Linus Torvalds, muundaji wa Linux, akaja na pm_trace. Mashine ikiganda, kumbukumbu zote hupotea isipokuwa saa yake ya ndani, basi keneli ikaanza kuandika humo alama ya hatua ya mwisho iliyofikia. Ukiwasha tena, tarehe imevurugika, lakini amri ya dmesg inakuonyesha kifaa kilichokwama. Sijaona ujanja mzuri kuliko huo.

Machi 2009, keneli 2.6.29 ilichukua yenyewe kazi ya kuendesha skrini kwa kadi za Intel. Za AMD zikafuata mwaka huohuo. Julai waya wa intaneti wa chini ya bahari, SEACOM, ukaanza kazi Mombasa, na kushusha Ubuntu nzima Nairobi kukaacha kuwa ndoto.

Iliyobaki nje ni Nvidia, ambayo msimbo wa draiva yake uliwekwa siri. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Torvalds aliinyooshea kampuni hiyo kidole cha kati mbele ya kamera. Ilipofika Mei 2022, Nvidia ilifungua sehemu ya draiva inayokaa kwenye keneli, lakini kwa kadi za kizazi cha Turing, cha 2018, na za baada yake tu.

Hapo ndipo Eastlands inapoumia. Laptopu nyingi za hapa ni “ex-UK”, zilizostaafu kwenye ofisi za Ulaya. Mwanafunzi wa usanifu majengo wa Donholm akinunua HP ZBook ya 2013 yenye Quadro ya kizazi cha Kepler, draiva ya mwisho kwake ni mfululizo wa 470, wa 2021. Na kulala si anasa mahali ambapo stima hupotea kazi ikiwa katikati. Juni 2016 tumbili mmoja aliyeingia kituo cha umeme cha Gitaru alizima umeme nchi nzima.

Kwa kadi kama hiyo ya Kepler, fundi husoma kwanza journalctl -b -1, kumbukumbu za mara ya mwisho kabla ya kuganda. Kisha huweka chaguo la draiva, NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1, na kuwasha huduma za nvidia-suspend na nvidia-resume, ili picha zilizo kwenye kadi zihifadhiwe kabla ya usingizi. Isipokubali, hurudi kwa Nouveau, draiva huria iliyoingia kwenye keneli Februari 2010, na mwanafunzi hupoteza kasi.

Shehena za laptopu za 2020 na kuendelea nazo zina lao. Nyingi hazina tena usingizi wa zamani, S3. Faili ya /sys/power/mem_sleep huonyesha s2idle peke yake, ambapo kompyuta husinzia tu, na betri huendelea kuliwa ndani ya begi.