Kubisha upepo: tanga la jahazi kwenye ziwa Tanganyika

Familia nyingi za Fizi zilivuka ziwa Tanganyika kukimbilia Kigoma mwaka 1996. Wazee waliokuwa ndani ya mashua zile wanakumbuka zaidi mawimbi na upepo. Kabla moteri haijafika huku, upepo huo ndio uliokuwa mwenye safari, na nahodha alipaswa kujua namna ya kuubisha.

Tangu mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini hupiga kwa nguvu ziwani. Anayetoka Mtowa, karibu na Kalemie ya leo, kwenda Ujiji anaelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo upepo unamsukuma. Majahazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili yalipita njia hiyo yamebeba pembe za ndovu na watu waliokamatwa Manyema. Kwa wale waliofungwa, upepo mzuri ulikuwa msiba. Taabu ya mabaharia ilianza wakati wa kurudi.

Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja mahali upepo unapotoka. Kinakwenda upande upande: kwanza upepo unapiga ubavu wa kulia, halafu kinageuka upigwe wa kushoto. Hiyo ndiyo kubisha, na kweli ni ubishi na upepo.

Kazi ngumu iko pale pa kugeuka. Tanga la jahazi limefungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia kwenye mlingoti, ncha yake ya chini ikiwa mbele. Nahodha akigeuza omo kuupitia upepo, tanga linaweza kusukumwa nyuma na kubandikwa juu ya mlingoti. Chombo kinasimama, kinarudi nyuma, na mlingoti unaweza kuvunjika. Kwa hiyo jahazi kubwa hugeuka kwa njia ya nyuma: tezi ndiyo inayopita kwenye upepo. Mabaharia wanalegeza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, wanasimamisha foromali karibu na mlingoti, wanazungusha mguu wake na demani mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, ndipo wanavuta tena. Demani ikiwaponyoka mikononi, tanga linapiga ovyo na kamba inaweza kumtupa mtu majini. Na hata mambo yakienda vizuri, kila mzunguko unawapotezea sehemu ya njia waliyokwisha kuipata.

Hapo inaeleweka kwa nini jahazi lenye mabaharia wazuri lilikuwa mali kubwa. Mwezi wa tatu 1858, Mwingereza Speke alivuka kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, upande wetu, kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake. Akarudi mikono mitupu. Yeye na mwenzake Burton, aliyekuwa mgonjwa, wakaenda kwa mitumbwi ya kupiga kasia, wakafika Uvira mwezi wa nne. Huko wenyeji waliwaambia kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Miti ya mitumbwi mingi ya Ujiji ilikatwa kwenye misitu ya Ugoma, ng'ambo hii ya magharibi.

Mwaka 1874 alikuja Cameron, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, akafika kwenye mdomo wa Lukuga. Mwaka 1878 akafika Hore, baharia wa misheni, aliyezunguka ziwa miaka mingi na kuchora ramani yake. Wote wawili walikuwa wanamaji wa kazi, lakini bila watu wa ziwa kwenye kamba na makasia wasingefika popote. Majina ya wazungu hao yako vitabuni. Ya wale waliozungusha foromali usiku, mvua ikinyesha, karibu yote hayakuandikwa.

Mwaka 1885 misheni iliteremsha majini meli yake ya mvuke, Good News. Hiyo ilichoma kuni na kwenda mbele hata upepo ukiwa usoni.