Muziki Uliochaguliwa kwa Masikio

Al Biles, mpiga tarumbeta na mwalimu wa kompyuta katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, aliifundisha mashine kupiga jazi bila kuiandikia nota. Aliiachia ibahatishe vipande vifupi, kisha akaketi kuvisikiliza. Kipande kikimpendeza, alibonyeza herufi moja, kikimkera, nyingine. Vilivyopendwa vilizaliana, vilivyokataliwa vikatupwa. Mwaka 1994 aliitambulisha programu hiyo kwa jina la GenJam.

Busara yake ni ya mfugaji: atakaye maziwa mengi haumbi ng'ombe, huchagua mzazi. John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan aliiingiza busara hiyo katika kompyuta, na kitabu chake cha 1975 kikaieneza. Majibu ya swali hushindanishwa, yaliyo bora huchanganywa na kugeuzwa kidogo, kizazi kipya kikaanza. Mwaka 1991 Andrew Horner na David Goldberg waliitumia kugeuza kifungu kimoja cha nota, hatua kwa hatua, hadi kikawa kingine.

Lakini nani awe hakimu? Uimara wa daraja hupimwa kwa hesabu. Utamu wa wimbo hauna mizani. Kompyuta huzalisha vipande kwa maelfu, sikio husikiliza kimoja kimoja, nalo huchoka. Hapo ndipo kazi ya Biles ilipokuwa ikikwama.

Katika Imperial College, London, Bob MacCallum, Armand Leroi na wenzao waliugawa mzigo huo kwa umma. Mradi wao, DarwinTunes, ulianza na vipande 100 vya sekunde 8 kila kimoja. Kila 20 vilipokwisha kupewa alama, 10 bora vilioanishwa na kuzaa 20 vipya. Matokeo yalichapishwa 2012: wasikilizaji 6,931, vizazi 2,513, na kelele za mwanzo zimekuwa midundo na sauti zinazopatana. Utamu ulipanda haraka, kisha ukasimama, kwa kuwa vipande vizuri vilivunjikavunjika katika kuchanganywa.

Hakuna mtunzi aliyeketi kuiandika midundo ile, ila kila hatua yake ilipita katika sikio la mtu. Biles mwenyewe alipanda jukwaani na GenJam: yeye hupuliza baa nne, mashine huzidaka, huzigeuza na kumrudishia. Naye, akiisha kuisikia, huinua tena tarumbeta.