Ndege, Mizinga na Makombora: Vita vya Hewani Upande wa Mashariki ya Ziwa, 1978–1979

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi habari za vita vya hewani vilivyopiganwa kati ya Tanzania na Uganda, hasa katika nchi iliyo mashariki na kusini ya Ziwa Victoria, na kuyachungua baadhi ya maneno ya Kiswahili yaliyotumika katika vita hivyo. Wanahistoria wamekwisha kuandika mengi juu ya mapigano ya nchi kavu. Mambo ya angani hutajwa kwa haraka, na maneno yake hayatajwi kabisa. Lakini mtu apendaye kuijua lugha hawezi kuyapita, kwa kuwa majeshi yote mawili yaliyopigana yalikuwa yakitoa amri kwa Kiswahili.

Nchi tunayoikusudia ni ile inayotoka Mwanza, ikapita Magu na Lamadi, mpaka Bunda na Musoma, pamoja na bara yake ya Bariadi, Maswa na Meatu. Wakati wa vita Bariadi ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na ndani yake imo Busega, ambayo pwani yake ni Ghuba ya Speke. Nchi hii haikuvamiwa na askari wa Idi Amin. Hata hivyo anga lake lilikuwa njia ya ndege za vita, na barabara yake ilikuwa njia ya malori.

Kwanza yafaa tukumbuke jinsi kila upande ulivyopata ndege zake. Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa mwaka 1964, baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles. Wajerumani wa Magharibi walianza kusaidia kuunda kikosi cha anga, lakini mwaka 1965 waliondoka kwa sababu ya ugomvi juu ya Ujerumani ya Mashariki kuwa na wawakilishi wake nchini. Wakanada wakashika kazi hiyo mpaka mwaka 1970, nao walifundisha hasa urushaji wa ndege za kuchukua watu na mizigo. Ndege za kupigana zilitoka China katika miaka ya mwanzo ya 1970, na kituo kikubwa kikajengwa Ngerengere, karibu na Morogoro. Uganda nayo ilisaidiwa na Israel mpaka mwaka 1972, kisha ikategemea Urusi. Mwezi wa Julai 1976 makomando wa Israel walipokwenda Entebbe kuwaokoa mateka, waliziharibu ndege nyingi za Uganda zilizokuwa uwanjani. Hivyo nchi zote mbili ziliingia vitani na vikosi vidogo vya hewani, vyenye ndege za aina ya MiG na marubani wachache.

Mwezi wa Oktoba 1978 ndege za Uganda zilitupa mabomu Bukoba. Mwisho wa mwezi huo jeshi la Amin lilivuka mpaka na kuishika nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi hiyo ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka lilishambuliwa kwa ndege lisivunjike. Likaja kubomolewa kwa baruti na fundi aliyetolewa katika machimbo ya Kilembe. Habari hii yatuonyesha jinsi ndege zilivyokuwa na sifa kubwa kuliko kazi zilizoifanya.

Rais Nyerere akalihutubia taifa, akaitangaza vita kwa maneno matatu ambayo kila Mtanzania wa rika lile anayakumbuka: uwezo, sababu, nia. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 likakuzwa kwa miezi michache likapita 100,000, na karibu 40,000 kati yao walikuwa mgambo waliotoka vijijini. Malori na mabasi yakachukuliwa mikoani, nayo Mwanza ikawa mlango wa kupitishia watu na vyakula kwenda Bukoba.

Katika siku za mwanzo za vita lilitokea jambo la huzuni upande wa mashariki ya Ziwa. Ndege tatu za Tanzania, zilizokuwa zikielekea kiwanja cha Mwanza, zilipita juu ya Musoma. Askari wa ulinzi wa anga waliokuwa huko hawakuzitambua, wakazidhania za adui, wakazipiga. Zote tatu zikaanguka. Waliorusha na waliolenga walikuwa watu wa jeshi moja, wa bendera moja na lugha moja. Hasara hii ilivunja moyo kuliko hasara yoyote ambayo ndege za adui zilitutia angani. Hapana shaka askari wale hawakukosa ushujaa wala silaha. Kilichokosekana ni ishara moja inayojulikana na kila mmoja, yule aliye juu na yule aliye chini. Jambo hili tutalirudia mbele.

Mwisho wa Machi 1979, majeshi ya Tanzania yakiwa yamekwisha kukaribia Kampala, Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ilimsaidia kwa ndege. Ndege yake moja kubwa ya kutupa mabomu, aina ya Tupolev 22, ilitumwa Mwanza kuvunja matangi ya mafuta. Haikuyapata. Silaha zake ziliangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, zikaua swala kadhaa na ndege wa porini. Siku chache baadaye ndege za Tanzania zikajibu kwa kushambulia matangi ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, na Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

Sasa tuyatazame maneno. Neno *ndege* lenyewe latosha kutufundisha. Eropleni zilipoonekana kwanza katika nchi yetu, Waswahili hawakuhangaika. Walilichukua jina la kiumbe kinachoruka wakalipa chombo kinachoruka. Hivyo mtu akisema kwamba ndege iliua ndege kisiwani Saanane, upatanisho wa sarufi ndio unaomwambia msikiaji ni ipi iliyoua na ni yupi aliyekufa, maana ndege mwenye uhai huchukua *a-* na ndege ya chuma huchukua *i-*. *Rubani* ni neno la baharini, lililokuwa jina la mjuzi wa njia ya chombo, kabla ya kupanda hewani. *Mzinga* kwanza ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, kama yaonekanavyo yametundikwa mitini katika mapori ya Meatu na Maswa. Umbo lake ndilo lililolipa jina lile bunduki kubwa. *Kombora* nalo ni neno la zamani katika kamusi zetu, likiwa na maana ya bomu au risasi ya mzinga. Leo limepewa kazi ya kuita silaha inayojiendesha yenyewe hewani. Maneno haya yote yalikuwako kabla ya vita. Vita viliyapa kazi mpya tu.

Liko neno moja ambalo vita vililizaa kwa maana yake mpya, nalo ni *sabasaba*. Kwa Mtanzania, Sabasaba ni siku ya tarehe 7 Julai, kukumbuka kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Lakini watu wa Uganda waliliita hivyo gari la Tanzania lenye mirija 40 ya kurushia makombora mfululizo, ambalo mlio wake uliwatia hofu kuu askari wa Amin. Ndivyo jina la sikukuu ya nchi moja lilivyokuwa jina la kitisho katika nchi ya pili. Pamoja nalo lilibaki huko neno *bakombozi*, yaani wakombozi, ambalo Waganda walilivika kiambishi cha lugha yao.

Tusistaajabu kwamba maneno yalivuka mpaka kwa wepesi. Askari wa nchi zote mbili walirithi Kiswahili cha King's African Rifles. Wote walimwita mkubwa wao *afande*. Vikosi vya Uganda viliitwa Simba, Chui na Kifaru, na kikosi kimoja cha ndege zao za kivita kiliitwa Sungura. Amin mwenyewe alikifanya Kiswahili lugha ya taifa kwa amri ya mwaka 1973. Twasikia mara nyingi ikisemwa kwamba lugha moja huleta umoja. Vita hivi vyatuonya tusiliseme jambo hilo bila kufikiri. Lugha moja haikuwazuia watu wa nchi mbili kupigana, wala haikuziokoa ndege tatu za Musoma. Lugha hutoa njia ya kupelekea habari. Kuipeleka ni kazi ya watu na utaratibu wao.

Katika Usukuma somo hili lilipata jibu lake kwa namna nyingine. Baada ya vita silaha nyingi zilitawanyika mikononi mwa watu, na wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ukazidi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 wanavijiji waliunda Sungusungu, ulinzi ulioanzia pande za Kahama ukaenea Unyamwezi na Usukuma yote, Bariadi na Maswa zikiwamo. Silaha zao zilikuwa upinde na mshale, na kiongozi wao aliitwa mtemi. Nguvu yao ilikuwa *mwano*, ukelele wa hatari unaopokewa kutoka kijiji hadi kijiji, ambao kila mtu anaujua maana yake na kila mtu hana budi kuuitikia. Hapa ilikuwako ile ishara moja iliyokosekana Musoma. Haifai kufananisha ulinzi wa ng'ombe na ulinzi wa anga kwa kila jambo, na Sungusungu wenyewe walishutumiwa kwa kuwaadhibu watu pasipo hukumu ya mahakama. Lakini kwa jambo la kupashana habari, wakulima wenye pinde walijua kitu ambacho wenye makombora walikisahau.

Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia miaka 70. Wako wazee Lamadi, Bariadi na Meatu waliokwenda vitani wakiwa mgambo, na wako waliobaki nyumbani wakizitazama ndege zikipita. Maneno yao, ya Kiswahili na ya Kisukuma, hayamo katika kamusi wala katika vitabu vya vita. Wanafunzi wa vyuo vyetu waendao likizo katika nchi hiyo wangefanya kazi yenye faida kubwa kama wangekaa na wazee hao na kuyaandika maneno hayo kama yanavyosemwa, pamoja na maelezo ya siku na mahali, kabla wenye kuyajua hawajaondoka.