Buti za Farasi na Hukumu ya Nakuru

Nilizipata kwa mchuuzi wa vitu vikuukuu, kando ya barabara iendayo Molo, zimelala chini ya rundo la masufuria: jozi ya buti ndefu za kupandia farasi, za ngozi nyeusi, zimetapakaa ukungu, na mshono wa mguu mmoja umefumuka kuanzia kifundoni hadi karibu na goti. Mchuuzi hakujua zilikuwa za nani, nami sitasingizia kujua. Nilizinunua kwa sababu kwa miaka kadhaa nimefundisha kesi moja ya mwaka 1923 iliyoanza kwa farasi, na siku ile nilitambua kwamba sijapata kamwe kushika kifaa chochote cha farasi kwa mikono yangu mwenyewe.

Ngozi kuukuu haitaki haraka. Mzee mmoja fundi viatu, ambaye kibanda chake hakiko mbali na ninapofanyia kazi, alinikataza kuanza na rangi. Kwanza tuliufuta ukungu kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, tukiwa nje ili vumbi lake lisitushukie kifuani. Kisha tukaziosha kwa sabuni ya ngozi, povu likizidi maji, tukazijaza magazeti na kuziacha kivulini siku mbili; ngozi iliyolowa ikianikwa juani au karibu na jiko hukakamaa na kupasuka. Ndipo mafuta yakafuata, kidogo kidogo, kwa vidole, kwa muda wa wiki nzima. Mshono uliofumuka aliushona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika kila tundu, na msharasi wake ukifuata matundu yaleyale ya zamani. Tukitoboa mapya, alinieleza, ngozi itachanika kama karatasi ya stempu.

Alipozigeuza kutazama soli alinyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, hizi hazikutembea."

Alisema kweli. Visigino vilikuwa karibu vizima. Soli ilikuwa imelika mahali pamoja tu, chini ya vidole, pale unyayo unapokanyaga kikuku. Na upande wa ndani wa kila mguu ulikuwa umesuguliwa na seruji hata ukawa laini kuliko upande wa nje. Mwenye buti hizi alipandishwa, akabebwa, akashushwa. Aliyetembea ni mwingine.

Farasi hakuwa mnyama wa kawaida katika bara letu la mashariki. Ndorobo huwaua, na maradhi yaenezwayo na visubi huwaua zaidi. Nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Molo, ziliwafaa kuliko mabonde, na huko ndiko walowezi walikojitwalia ardhi. Kiswahili kilikuwa tayari na maneno: farasi, saisi, lijamu, hatamu. Hadi leo tunasema kiongozi fulani "ameshika hatamu za nchi," wala hatujiulizi katika picha hiyo sisi wananchi ni nani. Hatamu haivishwi mpanda farasi.

Sasa nirudi kwenye kesi. Juni 1923, mlowezi kijana wa Molo, Jasper Abraham, alimwazima rafiki yake farasi jike ampeleke stesheni. Akamtuma mfanyakazi wake Kitosh amrudishe, kwa amri kwamba amkokote, asimpande. Kitosh alimpanda. Alionekana, akachongewa. Jumapili alichapwa viboko, akafungwa kamba katika ghala, na usiku huo akafa.

Hata jina lake lanisumbua. "Kitosh" ndilo jina ambalo serikali ya kikoloni iliwaita Wabukusu kama kabila. Huenda basi kumbukumbu zimetuhifadhia si jina la mtu bali kibandiko alichobandikwa na mwajiri.

Shauri lilisikilizwa Nakuru mwezi Agosti, mbele ya juri la Wazungu watupu. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema majeraha ndiyo yaliyomwua. Upande wa utetezi ukaleta madaktari wengine waliotoa maelezo tofauti: kwamba marehemu alitaka kufa, kwani alisikika akisema hivyo usiku ule, na kwamba utashi huo ulichangia kifo chake. Juri halikumtia mshtakiwa hatiani kwa kuua. Lilimtia hatiani kwa kuumiza vibaya. Akapewa kifungo cha miaka miwili.

Tarehe zenyewe zatosha kumtia mtu uchungu. Mwezi mmoja kabla, Julai 1923, serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa ile Waraka ya Devonshire, iliyotangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia. Wanafunzi wangu huukariri waraka huo kwa ajili ya mtihani. Kitosh hawamjui, mpaka niwasomee.

Karen Blixen alimsimulia katika kitabu chake cha mwaka 1937. Mlowezi hakumtaja kwa jina. Zaidi ya hayo, aliikubali hoja ya utashi wa kufa na kuiona ina uzuri wake, kana kwamba mtu yule alichagua kuondoka kwa heshima. Hapo ndipo ninapoachana na bibi yule. Hii ni rangi iliyopakwa juu ya ukungu. Nawaomba wasomaji wangu mlio katika utumishi wa umma mwitazame sentensi mnayoiandika mnapoarifu kwamba mahabusu "alifariki akiwa kizuizini." Kitenzi hicho kimemfanya marehemu kuwa mtendaji pekee katika chumba kizima.

Tulipofika hatua ya kung'arisha, fundi alitaka kuzijaza kwa nta zile sehemu zilizosuguliwa, zilingane na nyingine. Nilimwomba aziache. Hakupendezwa, kwake kazi isiyolingana ni aibu ya fundi. Tulibishana kidogo, kwa adabu, nikamsimulia habari za Kitosh. Alisikiliza huku akiendelea kusugua kwa kitambaa, mkono ukizunguka polepole. Kisha akaniuliza nani atazivaa. Nikamjibu kuwa hakuna.

"Basi, mwalimu," akasema, "tumewang'arishia Wazungu mara ya pili, na safari hii bila hata Mzungu mwenyewe kuwapo."

Alicheka, nami nikacheka, ingawa jibu sikuwa nalo. Nilimlipa. Buti sasa ziko juu ya kabati ofisini, na muhula huu nitazipeleka darasani kabla sijasema neno lolote juu ya 1923. Nitaziweka mezani zikiwa zimelala ubavu, soli zikiwaelekea wanafunzi, niwaulize wanaona nini.